Pembe ya Musa Iliyopotelea Butiama

Tangu nirudi, hakuna anayekuja kununua kiatu kwangu bila kwanza kuuliza habari za pembe. Wengine hata kiatu hawana haja nacho. Wanajaribu mguu mmoja, wanakaa kwenye kigoda changu, wanasema, "Mama Bwire, hebu tuambie." Nikianza kusimulia, mteja anatokea, msikilizaji anaondoka na robo ya habari. Robo hizo zikikutana huko sokoni zinazaa uongo. Juzi nimesikia kwamba mdogo wangu alikimbizwa na tembo. Hakuna tembo katika habari hii. Mkali pekee alikuwa kuku, na nitafika kwake.

Basi someni hapa, wote kwa pamoja, halafu mniache niuze viatu.

Musoma: zawadi inashuka

Mdogo wangu Masatu anaishi Kanada, upande wenye baridi ya kupasua mawe. Kazi yake ni kuendesha mtambo wa kuzoa theluji barabarani. Theluji ikiyeyuka, Jumamosi inakuwa ndefu, na hapo ndipo alipojifunza starehe ya wenyeji.

Kuna mnyama huko anaitwa muusi. Chukua ng'ombe dume, mpe miguu ya twiga mdogo, mvimbishe pua kama aliyeumwa na nyuki, utakuwa umekaribia. Kila mwaka dume linaangusha pembe zake, lenyewe, bila ugomvi na mtu, halafu linaota nyingine. Watu wa huko wanavaa buti, wanabeba maji na mkate, wanaingia msituni kutwa nzima kutafuta zilizoanguka. Hawawindi. Mnyama mwenyewe hata hawamwoni.

Nilimuuliza, "Na mkishazipata mnazifanyia nini?"

"Tunaziangalia, Dada."

Safari hii alikuja na moja. Alipofungua blanketi sebuleni kwangu, mume wangu alisogeza kiti nyuma. Ilikuwa na upana wa sinia la harusi, imebonyea katikati kama karai, na pembeni imetoa vidole vingi vilivyoelekea juu, kama mkono wa jitu linaloomba mboga. Masatu alisema alitembea misitu ile miaka mingi kabla ya kuipata kubwa namna ile, na kwamba ni zawadi ya Mama.

Mama yetu anakaa Nyegina. Masatu alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba analeta kitu alichokitafuta kwa miguu yake mwenyewe. Mama akawaambia kina mama wa jumuiya yake kanisani. Kina mama wakaanza mazoezi ya nyimbo. Ikapangwa shukrani ya Jumapili, na Mama akatoa amri kwamba kitu hicho kisifike Nyegina kabla ya siku hiyo, kisije kikazoeleka. Kumwaibisha Mama mbele ya jumuiya yake ni jambo ambalo sisi wanawe hatujawahi kulijaribu.

Jumapili ilikuwa bado, basi tukaona twende kwanza Butiama kumsalimia Shangazi. Tulitumia pikap ya mume wangu, ambayo haiwaki mpaka isukumwe. Mimi naendesha, Masatu anasukuma. Pembe ililala nyuma ndani ya blanketi kama mgonjwa.

Butiama: tunafundishwa kutafuta

Shangazi aliizunguka ile pembe, akaigonga kwa kidole.

"Pembe ya nani hii?"

"Ya muusi, Shangazi."

"Musa yupi? Yule wa mashine ya kusaga?"

"Muusi."

"Ndiyo huyo. Hakuniambiaga ana ng'ombe mkubwa hivi."

Masatu akaeleza tangu mwanzo, theluji na buti na msitu. Wakamwana wa Shangazi walimsikiliza kwa adabu, halafu mmoja akauliza, "Kwa hiyo, Baba, mnatembea kutwa kutafuta kitu ambacho mwenyewe amekitupa?" Wote wakainama kuficha kicheko.

Hapo ndipo mdogo wangu alipoudhika, na alipoudhika akapata wazo. Kesho yake, kabla ya jua kupanda, aliibeba pembe mpaka kwenye mawe ya kilima nyuma ya nyumba, akaificha. Alirudi anapangusa mikono, akatangaza kwamba leo familia nzima itatafuta, ili tuone raha yake.

Kosa lake ni kwamba alisahau yuko kwa Shangazi. Kwa Shangazi hutoki asubuhi mpaka iwe mchana. Ulikuja uji. Baada ya uji chai. Baada ya chai viazi, na baada ya viazi Shangazi akakumbuka kwamba hatujala. Tulipopanda kilimani na ugali wa mtama tumboni, jua lilikuwa limeshavuka utosi.

Masatu alitupanga mstari. "Tembeeni polepole. Msitafute pembe. Tafuteni kitu kisichofanana na vingine."

Tukatembea tumeinamisha vichwa kama watu waliofiwa. Na nakiri, kuna raha yake. Niliona konokono, nikaona kandambili ya mtoto, nikaona maua madogo ya njano ambayo nimeyakanyaga tangu utoto bila kuyaona. Mkamwana mmoja aliokota kengele ya mbuzi. Mwingine akapiga kelele, sote tukamkimbilia, kumbe ni jembe. Shangazi akalishika, akaligeuza, akabaki nalo mkononi.

Pembe haikuwepo.

Masatu alikwenda mwenyewe moja kwa moja kwenye jiwe lake. Akazunguka nyuma, akazunguka tena. Alirudi uso umembadilika.

"Nilikuwa nimeiweka pale, Dada."

"Pale wapi?"

"Pale pale."

Tulitafuta mpaka jioni, safari hii bila kucheka. Kilimani kila mtu alianza kumtazama mwenzake. Mimi nilimfikiria Mama na nyimbo za jumuiya.

Lile jembe ndilo lililotuokoa. Shangazi alikuwa amemtuhumu jirani yake Nyangeta kwamba alilichukua, na tangu siku hiyo walikuwa hawasalimiani. Sasa limeonekana kilimani, lilikoachwa na Shangazi mwenyewe. Shangazi ana maneno mengi lakini ana haki. Alilibeba jembe begani, sisi nyuma yake, akabisha hodi kwa Nyangeta, akasema, "Nilikukosea. Nisamehe."

Nyangeta akaangalia jembe, akatuangalia sisi, akaanza kulia. Tulidhani analia kwa ajili ya jembe.

"Na mimi nisamehe, Mama," akasema. "Nimewachukulieni ile kitu."

Alikuwa amekwenda kuokota kuni asubuhi. Aliona kisiki kikavu chenye matawi nyuma ya jiwe, akakibeba, akakisukumia motoni upande mmoja. Kisiki kikatoa harufu ya kwato. Hapo akakumbuka alichosikia ng'ambo ya ua usiku uliopita, kwamba kuna pembe ya Musa. Na kwetu mtu akisikia pembe, kitu cha kwanza kinachomjia ni nyara za serikali. Shemeji yake, fundi seremala wa Bunda, alikuwa amekuja kusalimia na pikipiki. Akamwambia, "Shemeji, niondolee hii." Shemeji akaifunga kwenye gunia, akaondoka nayo wakati sisi tunakula viazi.

Shangazi na Nyangeta walikumbatiana pale. Masatu aliuliza kwa sauti ndogo, "Imeungua sana?"

Njia ya Bunda: Musa ana pembe?

Tuliondoka asubuhi. Kabla ya kufika Bunda, gari lilizimika, na lilichagua mahali pa kuzimika: mbele kabisa ya askari wa wanyamapori waliopumzika kivulini kando ya gari lao, wanatafuna mahindi ya kuchoma.

Walikuwa watu wema. Waliweka mahindi chini, wakaja kusukuma. Mkubwa wao, mwenye kofia, akauliza kwa kuzungumza tu, "Mnaenda wapi?"

Mimi nilifungua mdomo niseme harusini. Masatu akaniwahi, maana Kanada imemharibu, anajibu kweli.

"Bunda, afande. Tunatafuta pembe."

Gari liliacha kusukumwa.

"Pembe?"

"Ndiyo. Ya muusi."

"Musa ni nani? Mwenzenu?"

"Hapana, afande, ni mnyama."

"Unamwita mwenzio mnyama. Yuko wapi sasa?"

"Yuko Kanada."

"Ametoroka?"

"Anaishi huko. Pembe ilianguka yenyewe kichwani, mimi nikaiokota."

Mwenye kofia alimtazama muda mrefu. "Musa," akasema taratibu, kama anayeandika, "ana pembe kichwani."

"Mbili. Lakini nyingine sikuiona."

Nilishuka garini, nikamwambia Masatu atoe simu yake kabla hajatufungisha. Akawaonyesha picha. Askari waliisogelea simu kama watoto kwenye dirisha la duka. Mmoja akasema, "Mungu wangu, huyu ni ngamia?" Mwingine akauliza kama analiwa. Mwenye kofia alikuza ile pua kwa vidole viwili, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Masatu akawaonyesha na karatasi zake za mzigo, ambazo sitawachosha nazo. Zilisomwa, zikarudishwa.

"Mkiipata," mwenye kofia akatuambia, "mpite hapa na sisi tuione. Wiki nzima tupo." Wakatusukuma kwa nguvu hivi kwamba nusura nimpitie mbuzi.

Bunda: mashine ya randa

Fundi tulimpata kwa urahisi, maana nje ya karakana yake palikuwa na watu. Mama mmoja alikuwa ameegemeza mgongo ukutani, amefumba macho kwa maombi.

"Kuna nini hapa?" nikamuuliza.

"Fimbo ya Musa ililala hapa," akanijibu. "Mgongo unanisumbua. Mimi nimechelewa, lakini nimeambiwa hata ukuta unafaa."

Ndani, mashine ya randa ilikuwa inanguruma, vumbi la mbao limejaa, na Fundi ana rangi ya ugali kuanzia nywele mpaka miguu. Tulipomtajia pembe alitazama mlangoni. Hakutaka kuizima mashine, nadhani makusudi, ili wasikie wachache. Alipiga kelele sikioni kwa Masatu kwamba watu walikuwa wengi, maneno yakawa mengi, yeye ana watoto na hifadhi iko karibu, hawezi kukaa na pembe.

"Iko wapi?"

"Ime... ruuuu... Guta!"

"Guta?"

"Guta! Ndiyo! Guta!"

Tukamshukuru, tukaenda Guta. Siyo mbali na mji. Njiani Masatu alipiga mluzi kwa mara ya kwanza tangu Butiama.

Guta: kitu chetu kiko hapa

Nyumba ya kwanza tuliyoikaribia ilikuwa na turubai, viti vimepangwa, na watu wamevaa vizuri. Mzee mmoja mwenye koti alitoka kutupokea kwa mikono miwili.

"Karibuni, karibuni! Mmechelewa!"

"Tusameheni, Baba," nikasema. "Gari letu lina matatizo." Nilidhani Fundi amewapigia simu.

Tulinawishwa. Ikaletwa soda. Ikaletwa pilau na mbuzi wa kuchoma, nasi tulikuwa hatujala tangu Butiama, kwa hiyo hatukuuliza maswali. Tuliposhiba, Mzee akakohoa, watu wakatulia.

"Haya, wageni wetu. Semeni kilichowaleta."

Masatu alisimama, akafunga kifungo cha shati.

"Wazee wangu, sisi tumetoka mbali. Kuna kitu chetu kimetupotea. Tumekitafuta Butiama, tumekitafuta Bunda, tumeambiwa kiko hapa Guta."

Vigelegele vikalipuka. Mzee akapiga goti kwa kiganja. "Huyu anajua kuongea! Kipo, bwana, kipo! Lakini kikoje? Tusije tukawapa kisicho chenu."

"Ni kikubwa," Masatu akasema. "Rangi ya kahawia. Kizito, nikikibeba mwenyewe nachoka."

Wanawake wakaangaliana.

"Na upande mmoja kimeungua kidogo."

"Kimeungua wapi?" akauliza mama mmoja kwa ukali.

"Kwenye ncha, Mama."

Hapo mimi nilianza kushuku. Lakini kabla sijamvuta shati, mlango ulifunguliwa, na kikatoka kitu kimefunikwa kitenge kuanzia juu mpaka chini, kinatembea.

"Ni hiki?" Mzee akauliza, anatabasamu.

Masatu alikikagua kwa makini. "Hapana, Mzee. Hiki kimesimama. Chetu kinalala chini."

Ndani ya kitenge mtu alianza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa sauti, mpaka kitenge kikateleza. Alikuwa binti mzuri wa watu, machozi yanamtoka kwa kicheko. Na wakati ule ule gari likapiga honi nje. Wageni wenyewe, upande wa bwana harusi, walikuwa wamefika, wamevaa suti, na pilau tumeshaila.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimwendea Mzee, nikapiga magoti, nikamweleza yote kuanzia Kanada. Alinisikiliza hajacheka. Halafu akageukia wageni wake wapya, akajaribu kuwaelezea, akafika kwenye "kimeungua kwenye ncha," akashindwa kuendelea. Ilibidi apewe maji. Akatuambia tusiondoke, chakula kipo, nyumba yake haijawahi kukosa.

Ni kutoka kwa wale wenye suti tulipopata njia. Walikuwa wanatoka upande wa Kibara. Mmoja wao akasema, "Lakini hicho kitu mbona tumepishana nacho? Kimefungwa juu ya vitanda kwenye guta, kinaelekea Kibara. Kilikuwa kama mkono wa jitu."

Masatu akanitazama. Fundi hakusema Guta kijiji. Alisema imeondoka na guta, lile la magurudumu matatu la kubebea mizigo.

"Dada," akasema, "lugha yetu ni ngumu."

Kibara: ina mwenyewe

Bibi harusi mtarajiwa ndiye aliyetusukuma, pamoja na wakwe zake wote. Usiku tulilala kwa jamaa njiani, na asubuhi tukaingia Kibara, harufu ya dagaa ikitupokea kabla ya watu.

Dereva wa guta tulimkuta mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Aliitwa Mafuru, kijana mnene mwenye huruma usoni.

"Fundi aliniambia niitupe ziwani," akakiri. "Nimeileta mpaka hapa hapa. Nimeinyanyua. Halafu nikawaza, hii si fimbo ya Musa? Nikiitupa, ziwa likigawanyika, samaki wote si watabaki kwenye tope? Na wenye mitumbwi wataniuliza mimi."

"Ukafanya nini?"

"Nimemwachia dada yangu Tabitha. Yeye haogopagi kitu."

Tabitha alikuwa anaanua dagaa uani, mwanamke wa makamo, mrefu, kitambaa kimefungwa kichwani kama mtu mwenye shughuli. Masatu alisalimia, akasema kwa sauti iliyochoka kwamba tunatafuta pembe.

"Ipo," Tabitha akasema. "Ila ina mwenyewe."

Akatupeleka nyuma ya nyumba. Pembe ilikuwa juu ya mawe, imetandikwa nyasi katika ule mbonyeo wa katikati, na ndani yake amejitandaza kuku mwekundu, vidole vya pembe vimemzunguka kama mkono uliomshika. Alitukazia jicho moja.

"Siafu wameingia kwenye karai alimokuwa anaatamia," Tabitha akaeleza. "Nikaona hiki kitu kaka yangu amekitupa hapa, nikamhamishia mayai. Huyu kuku ana dharau. Kila kiota ninachompa anakikataa. Hiki amekipenda. Nikimhamisha tena atasusa, na mayai yanakaribia kutotolewa."

"Dada yangu," nikasema, "kesho ni Jumapili. Mama yetu ameandaa watu."

"Na huyu," akaonyesha kwa kidevu, "ameandaa watoto."

Nilijiandaa kwa mabishano. Nina uzoefu, mimi nauza viatu. Lakini Masatu alikuwa amepiga magoti mbele ya pembe, amevua kofia. Alinyoosha mkono aiguse ile ncha iliyoungua. Kuku akamdona. Akaurudisha mkono, akaendelea kuangalia, anatabasamu kama mtu aliyepewa habari njema.

"Miaka yote tunaziangalia tu," akasema. "Sijawahi kuona moja inafanya kazi."

Tabitha akamtazama kwa mara ya kwanza vizuri. "Wewe ni mtu wa wapi?"

Wakaanza kuongea, na mimi nikaachwa nimesimama na hoja zangu. Mwisho wake ni kwamba hakuna aliyeshindwa. Pembe itaondoka na kuku akiwa ndani, mayai chini yake, na Tabitha atakuja nayo, kwa sababu hakutuamini hata kidogo kwenye mambo ya mayai.

Kurudi: mpangaji njiani

Tuliweka godoro nyuma ya pikap, pembe juu ya godoro, Masatu upande huu na Tabitha upande ule, wameshika kanga juu ya kuku kama mwavuli wa askofu. Mimi mbele peke yangu. Amri zilikuwa mbili: nisizime injini, na nisipite shimo. Barabara ya Kibara bila kupita shimo! Niliendesha mwendo wa maiti. Baiskeli zilitupita. Mzee mwenye fimbo alitupita, akatusalimia, akatusubiri mbele, akatusalimia tena.

Kwa dirisha la nyuma nilikuwa nasikia mazungumzo. Tabitha alisema mume wake alifariki zamani, na kwamba wanaume wa mwaloni wanamwogopa. Masatu akasema huko Kanada hajaoa, na kwamba huko mtu akitaka kukutembelea anapiga simu kwanza wiki moja kabla. "Sasa akifa njiani kabla wiki haijaisha?" Tabitha akauliza. Nilisikia mdogo wangu anacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu tukiwa shule ya msingi.

Askari wa wanyamapori walikuwepo pale pale. Walizunguka gari. Mwenye kofia akachungulia chini ya kanga, akaonana uso kwa uso na kuku.

"Huyu ndiye Musa?"

"Hapana, afande," Tabitha akajibu. "Huyu ni mpangaji."

Tulilala kwangu Musoma, injini ikinguruma uani mpaka mafuta yalipokwisha na mume wangu akaanza kunguruma yeye. Asubuhi alitia mafuta, akasukuma mwenyewe, polepole, kwa hasira iliyobembelezwa.

Nyegina: shukrani

Nyimbo zilianza tulipokata kona. Kina mama wa jumuiya walikuwa wamejipanga sare, Mama katikati na gauni lake la Pasaka. Pikap ikasimama. Masatu na Tabitha wakashusha pembe kwa mikono minne, hatua kwa hatua, wakaiweka juu ya mkeka. Nyimbo zikapungua sauti moja moja. Wote waliangalia. Kuku akasimama, akajigeuza, akaonyesha mayai, akakaa tena.

Mama akainama.

"Masatu," akasema. "Umenitolea kuku Kanada?"

"Hapana, Mama. Kuku ni wa Kibara. Zawadi ni hiki alichokalia."

Mama hakusikia hata neno la pili. Alishageuka. "Ameniletea kuku na nyumba yake!" Vigelegele vikapaa mpaka kwa mapadri. Tabitha akafungua mdomo adai kuku wake, Mama akamshika mkono, akamwingiza ndani kula, na mdomo ule ukafungwa na wali.

Walikaa mpaka mayai yakaanguliwa, siku kadhaa, maana Tabitha hakukubali kuondoka bila kuku, na kuku hakukubali kuondoka. Masatu alisogeza tarehe ya ndege. Alisema ni kwa ajili ya kushuhudia. Vifaranga walipotoka, Mama alimpa Tabitha haki yake, kuku na wanawe wote kwenye boksi. Pembe yeye akaioshea sabuni, akaiangalia pande zote, akaiweka sebuleni, akaifunika kitambaa cha kufuma kama redio. Mpaka leo anaiita "kile chombo."

Tabitha akaaga. Masatu akasema anamsindikiza mpaka stendi.

Chai ikapoa. Mchana ukapita. Mama alikuwa anachambua maharage mlangoni, haangalii njia, lakini kila kijiwe alichokitoa alikitupa upande wa njia. Jua lilipoanza kulegea, simu yangu ikalia.

"Dada, nimefika."

"Umefika wapi?"

"Kibara."

"Kibara kufanya nini?"

"Kifaranga kimoja kilikuwa kinachechemea."

Mama akanyoosha mkono, nikampa simu. Sikuwa nimeona uso wake ukiwa na umakini ule hata siku ya shukrani.

"Mwanangu, wamekupa chakula?"

"Wamenipa, Mama."

"Dagaa au sato?"

"Sato. Mzima."

Mama akakata simu bila kuaga. Kwetu huku dagaa anapewa anayepita. Akainuka, akakung'uta maganda kwenye kitenge, akaniita jikoni.

"Punguza maharage," akasema. "Huyo leo harudi."